Kukaa Karibu na Swali: Niliyojifunza Nikiwa Asistenti Kisangani

Katika vyuo vikuu vya Kongo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzijua ngazi za walimu mapema kuliko njia ya kwenda maktaba. Juu wako maprofesa, wa madaraja matatu. Chini yao yuko shefu wa travo, ambaye kila mtu anamwita CT. Chini ya CT yuko asistenti. Huyu ni mtu aliyemaliza lisansi kwa pointi nzuri, idara yake ikamwomba abaki, akapewa mandati ya miaka miwili inayoweza kurudiwa. Anafundisha, na papo hapo bado anasoma, kwa kuwa mbele yake kuna shahada ya kati (katika mfumo wa zamani, DEA) na baada yake tasnifu ya udaktari.

Mimi nilianzia ngazi hiyo hapa Kisangani, upande wa biolojia. Leo nikiwa CT ninawapokea maasistenti wapya, nao wanakuja na swali lile lile nililokuwa nalo: kazi yangu hasa ni ipi? Kwenye karatasi jibu ni fupi. Kozi ni ya profesa. Asistenti anatayarisha TP, yaani kazi za vitendo, anazisimamia, anasahihisha, analinda mitihani, anawasaidia wanaoandika kazi za mwisho. Orodha hiyo inataja shughuli tu, haisemi asistenti yuko pale kwa ajili ya nini.

Jibu ninalowapa lilinijia polepole, maabarani na msituni. Asistenti amewekwa mahali ambapo mwanafunzi anakwama. Profesa hapaoni mahali hapo, kwa sababu mbele yake wanafunzi hunyamaza na kuandika. Kwenye mtihani anaona kosa likiwa limekwisha kukomaa, lakini hajui lilianzia wapi. Asistenti ndiye anayekaa karibu na swali wakati linapozaliwa. Kwa hiyo wajibu wake una pande mbili: kumfungulia mwanafunzi njia, na kumpelekea profesa habari ya kilichotokea njiani. Wengi wetu tunafanya upande wa kwanza na kuusahau wa pili.

Kisangani inalionyesha jambo hili waziwazi. Kwa njia ya mto, Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka hapa, na barabara zinazotoka mjini huwa taabu tupu wakati wa mvua. Kwa hiyo baadhi ya kozi hutolewa na maprofesa wageni. Profesa anashuka uwanja wa ndege wa Bangoka, anafundisha asubuhi na alasiri siku kadhaa mfululizo, kisha anaondoka. Silabusi inabaki kwenye kibanda cha fotokopi, na wanafunzi wanabaki na madaftari yaliyojaa. Kinachofuata ni TP, na anayefungua mlango wa maabara ni asistenti.

TP ya kwanza ya biolojia ya seli ni ile ile duniani kote: utando wa kitunguu. Unakata kitunguu, unabandua ngozi nyembamba ya ndani ya gamba, unaitandaza kwenye tone la maji juu ya kioo, unatia iodini kidogo, unafunika, unatazama. Tulikuwa wengi kuliko hadubini, basi makundi yalipokezana. Umeme ulipokatika hatukuahirisha kazi. Zile hadubini za zamani zenye kioo cha kuakisi tulizisogeza dirishani, tukatumia mwanga wa mchana. Niliwaonya wanafunzi waelekeze kioo kwenye anga jeupe, kamwe wasikielekeze kwenye jua lenyewe, wasije wakaunguza macho.

Kisha walichora. Nilipopita kati ya meza niliona michoro safi yenye majina yote: ukuta wa seli, kiini, vakuoli, na kloroplasti zilizopakwa rangi ya kijani. Lakini seli za magamba ya kitunguu, yaliyokua gizani, hazina kloroplasti. Hakuna mtu aliyeweza kuziona, maana hazikuwapo. Nilivuta kiti nikakaa kando ya mwanafunzi mmoja, nikamwomba anionyeshe moja tu kwenye hadubini yake. Alitazama kwa muda mrefu, akasogeza kioo huku na huku.

"Asistenti, hapa sizioni," akasema.

"Na hizi za kwenye karatasi umezitoa wapi?"

"Kwenye silabusi. Profesa alisema seli ya mmea inazo."

Binti huyu hakuwa mvivu, wala hakukusudia kudanganya. Tangu shule ya msingi alikuwa amepewa pointi kwa kurudisha maneno ya mwalimu kama yalivyotoka, na alikuwa amejifunza vizuri. Jicho lake lilipogombana na silabusi, aliiamini silabusi. Hapo ndipo alipokwama, na hakuna mtihani wa kuandika ambao ungelionyesha jambo hilo, kwa sababu jibu lake kwenye mtihani lingekuwa sahihi kabisa.

Nilitoka nje, nikabandua vile vimea vidogo vya kijani vinavyotambaa kwenye kuta zenye unyevu. Jani la kimea cha aina hiyo lina tabaka moja tu la seli, hivyo halihitaji kukatwa. Alilitandaza kwenye kioo cha pili, na safari hii kloroplasti zilikuwa tele, kijani kitupu ndani ya kila seli. Akatazama kitunguu tena, akarudi kwenye jani. Ndipo akauliza swali ambalo hakulikuta kwenye silabusi: kwa nini huku zipo na huku hazipo? Wenzake wa meza ile wakaanza kubishana juu ya mwanga, udongo, na kazi ya gamba la kitunguu, ambalo kwa mmea ni ghala la chakula. Sikuwakatiza. Nilichofanya mimi ni kuwawekea vioo viwili mahali pa kimoja.

Jioni nilimwandikia profesa. Nilieleza yaliyotokea, idadi ya michoro iliyokuwa na kosa hilo, na jinsi vile vimea vya ukutani vilivyosaidia. Sikulaumu mtu. Aliporudi kutoa kozi hiyo tena, sentensi yake ilikuwa imebadilika: sasa alisema kloroplasti zinapatikana katika seli za sehemu za mmea zinazopokea mwanga, na akawaambia wanafunzi kwamba kwenye TP watapewa seli isiyo nazo. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba asistenti anaweza kuboresha kozi ambayo si yake, bila kuinyang'anya, kama profesa wake ni mtu wa kusikiliza na yeye mwenyewe ana heshima katika kusema.

Jambo la pili nililojifunza ni kusikiliza minong'ono. Masomo yetu ni kwa Kifaransa, na mtihani pia. Lakini wanafunzi wanaposaidiana mezani, utasikia Kiswahili na Kilingala, kama unavyovisikia kwenye komuni za Kabondo na Mangobo humu mjini. Mwanzoni maasistenti wengi huona minong'ono hiyo kuwa fujo. Mimi niliiona kuwa kipimo. Mwanafunzi anaweza kutamka ufafanuzi wa osmosi kwa Kifaransa bila kuteleza, kisha akashindwa kumweleza mwenzake kwa nini mchicha uliotiwa chumvi unalegea na kutoa maji. Hapo unajua kwamba anayo maneno ila jambo lenyewe bado. Nikawa na desturi ya kuwaambia: nielezeni kwanza kama mnavyowaeleza wadogo zenu nyumbani, kisha tuandike pamoja kwa Kifaransa, maana mtihani utakidai. Kiwango hakikushuka. Walioelewa kwa njia hiyo waliandika Kifaransa kifupi na chenye nguvu zaidi.

Halafu kuna msitu. Kwenye barabara ya zamani ya Buta, karibu kilomita 14 kutoka mjini, iko hifadhi ya Masako, ambako vizazi vingi vya wanabiolojia wa Kisangani vimejifunzia kazi. Kuna mashamba yaliyoachwa yapumzike, msitu uliorudi baada ya kulimwa, na msitu wa asili wa limbali, mti ambao kitaalamu huitwa Gilbertiodendron dewevrei. Ukiingia ndani ya limbali unaona tofauti mara moja: kivuli kizito, majani makavu yamelala chini tabaka juu ya tabaka, na miti mikubwa karibu yote ni ya aina moja. Katika msitu wa kitropiki unaosifiwa kwa wingi wa aina zake, mahali kama hapo panamlazimisha mwanafunzi kuuliza sababu.

Kazi yetu ilikuwa kupima miti. Kanuni inasema kipenyo kipimwe kwenye urefu wa mita 1.30 kutoka ardhini, na kama mti una ile mizizi mipana inayopanda ubavuni mwa shina, unapima juu yake. Wanafunzi walizungusha utepe kwenye shina, wakasoma, wakaandika. Tulipokusanya karatasi, kundi moja lilikuwa limeandika mti wenye kipenyo cha sentimita 157. Utepe wa kawaida unatoa mzingo. Ili upate kipenyo ugawe kwa 3.14. Mti ule ulikuwa na kipenyo cha sentimita 50. Hesabu hiyo wote waliijua tangu sekondari. Badala ya kuisahihisha karatasi, niliwarudisha kwenye mti, nikawaomba wanyooshe mikono mbele ya shina na kuonyesha upana wa sentimita 157. Walicheka wenyewe. Baadaye wakawa wanasimama mbele ya kila mti, wanakisia kwa macho, ndipo wanapima. Mazoea hayo ya kuiuliza namba kama inawezekana ni mali kubwa kwa mtu atakayeishi kwa takwimu, na yanafundishwa na mtu aliyesimama pale pale kwenye mti.

Msitu pia ulinifunza kuwapisha walimu wengine. Kiongozi wetu wa njia, mzee wa kijiji cha jirani, alitambua miti kwa harufu ya gamba lililokwaruzwa na kwa utomvu. Niliwapanga wanafunzi wamuulize yeye kwanza, waandike jina analolitumia yeye, kisha tutafute jina la kitaalamu. Asistenti kijana hushawishika kuonyesha kwamba anajua kila kitu, kwa kuwa umri wake uko karibu na wa wanafunzi na anahofia kudharauliwa. Nimeona kinyume chake. Wanafunzi walipomwona asistenti wao akiandika maneno ya mzee yule kwenye daftari, nao walianza kuandika kwa makini zaidi.

Ninakuja kwenye jambo zito, nalo ni pointi. Alama ya TP inaingia kwenye hesabu ya mwisho ya kozi, na kalamu inayoiandika iko mkononi mwa asistenti. Katika nchi yetu kila familia imesikia habari za pointi zilizouzwa kwa pesa au kudaiwa kwa mwili wa binti. Maovu hayo yanaua chuo kuliko uhaba wa vitabu, kwa sababu yanamfundisha mwanafunzi kwamba maarifa hayana kazi. Asistenti yuko kwenye hatari hiyo zaidi ya wengine: ni kijana, kipato chake ni kidogo, anaishi mtaa mmoja na wanafunzi wake, anakutana nao sokoni na kanisani. Nia njema peke yake haitoshi, inahitaji utaratibu wa kuilinda. Sisi kwenye timu yetu tulikubaliana kubandika vigezo vya kusahihisha kabla ya kazi kutolewa, kuficha majina na kusahihisha kwa namba, kurudisha kila karatasi ikiwa na maelezo, na kutompokea mwanafunzi faragha: milango wazi, mezani, mchana. Mwanafunzi aliyetaka kudai alikuja pamoja na mkuu wa darasa lake, yule tunayemwita CP. Utaratibu huo ulimlinda mwanafunzi, na ulimlinda asistenti pia.

Kusahihisha kwa maelezo kunachosha. Lakini ndiko kulikonionyesha ramani ya mikwamo. Karatasi 10 zikiwa na kosa lile lile, hilo si la wanafunzi tena. Ni la maelezo tuliyotoa. Nilianza kuyaandika makosa hayo kwenye daftari moja, kila TP na ukurasa wake, nikawa nampelekea profesa mwisho wa kozi. Daftari lile lilirithiwa na asistenti aliyenifuata, naye akaliongeza.

Kisha kuna wale wanaoandika kazi za mwisho: TFC, kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza, katika mfumo wa zamani wa graduat, na memwari katika lisansi. Mkurugenzi wa kazi ni profesa, lakini rasimu ya kwanza, ile yenye aibu, huletwa kwa asistenti. Kishawishi hapa ni kuandika upya sentensi za mwanafunzi, kwa huruma au kwa haraka. Nilichagua kuuliza pembeni mwa ukurasa: umejuaje? Ulipima lini, wapi? Kwa nini unasema "kutokana na"? Maswali hayo humfanya mwandishi arudi kwenye data zake mwenyewe. Siku ya utetezi anasimama mbele ya jopo akiwa na kazi anayoijua, kwa sababu kila jibu amelitafuta yeye.

Kazi hii ya asistenti si ya pembeni katika historia ya elimu yetu. Chuo cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963, mji ukiitwa Stanleyville, na makanisa ya Kiprotestanti, kwa jina la Chuo Kikuu Huria cha Kongo. Mwaka 1971 kiliunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 kikapata tena uhuru wake kama Chuo Kikuu cha Kisangani. Uhuru wa nchi ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye shahada walikuwa wachache mno, na maprofesa walikuwa wageni. Walimu wa nchi hii wametengenezwa kwa njia ya ngazi ya asistenti: kijana akae kando ya profesa, afundishe anachoweza, asome anachokosa, mpaka naye awe profesa. Na mji huu umeonja siku ngumu. Kati ya 1998 na 2003 vita viliutenga na Kinshasa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu kwa siku sita, mabomu yakiangukia nyumba za raia. Mji wenye historia hiyo unajua thamani ya walimu waliopo, wanaokaa, wanaofungua mlango wa maabara hata mgeni asipofika.

Ndiyo maana inauma kuona jinsi asistenti anavyoishi. Nchini kwetu mwalimu mpya wa chuo anaweza kufundisha muda mrefu kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Wengi wanafundisha pia sekondari, au wanafungua biashara ndogo, na tasnifu inangoja. Wengine wanasema basi asistenti apunguziwe kufundisha ili amalize utafiti. Ninaelewa, na ninaunga mkono kila juhudi ya kumpa muda na mshahara wake. Lakini sikubali kwamba ufundishaji ni adui wa utafiti. Maswali ya wanafunzi wangu kule Masako kuhusu miche ya limbali, jinsi inavyovumilia kivuli kinachoishinda miche mingine, yaliingia kwenye kazi yangu mwenyewe na kuipa mwelekeo. Mtu anayelazimika kueleza jambo kwa anayelisikia mara ya kwanza huona haraka mahali ambapo yeye mwenyewe hajalielewa.

Wenzetu wa nchi nyingine wanalishughulikia suala hili la kumwandaa na kumtunza asistenti kwa namna mbalimbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam humwanzisha mhitimu bora kwenye ngazi ya chini, na akipata shahada ya pili anapanda kuwa mhadhiri msaidizi; njia yake inajulikana. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley humdai mwanafunzi anayeanza kufundisha ahudhurie mkutano wa mafunzo na asome somo la ualimu wa fani yake. Na mwaka 2022 wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa kampasi za Chuo Kikuu cha California, wakiwemo wanafunzi wanaofundisha, waligoma wakidai malipo ya kuwatosha kuishi. Kumbe hata penye utajiri, anayekaa karibu na mwanafunzi ndiye anayesahauliwa kwanza.

Hatuna fedha za California, lakini Kisangani ina kitu ambacho miji mingi haina. Tangu mageuzi ya 1971 mji huu umekuwa makao ya kitivo cha saikolojia na sayansi za elimu. Wataalamu wa jinsi binadamu anavyojifunza wako hapa hapa. Hakuna sababu ya asistenti wa biolojia, sheria au tiba kuingia darasani bila kuzungumza nao. Siku chache kabla ya mwaka wa masomo zinatosha kuanzia: namna ya kuuliza swali na kungoja jibu, namna ya kuandika vigezo vya pointi, mipaka kati ya mwalimu na mwanafunzi. Tuongeze mkutano mfupi wa profesa na maasistenti wake baada ya kila TP, na daftari la mikwamo katika kila idara. Mambo hayo matatu yanahitaji karatasi, kalamu na nia ya maprofesa kusikiliza.

Muda wa kufanya hivyo ni sasa. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vyetu vinaingia katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, udaktari), ambamo kazi binafsi ya mwanafunzi inahesabiwa ndani ya krediti pamoja na saa za darasani. Kazi binafsi inahitaji mtu wa kuiangalia, kuiuliza na kuirudisha. Kama hatutamwandaa asistenti kwa kazi hiyo, krediti zitabaki namba kwenye karatasi, na mwanafunzi ataendelea kuchora kloroplasti asizoziona.

Kwa hiyo ninawaomba wakuu wa idara jambo moja. Mandati ya asistenti inapokwisha na faili yake inapoletwa mezani ili irudiwe, msihesabu makala zake tu. Mwulizeni: katika miaka hii miwili wanafunzi wako walikwama wapi, ulijuaje, na ulimwambia nani? Atakayekuwa na majibu, mpeni mandati nyingine. Huyo ameshaanza kuwa profesa.